Utafiti wa uzamili katika Kiarabu: nichague mada gani, na nikasome wapi?

Binti Tanga ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na heshima kwenu nyote mliotutangulia katika elimu.

Mimi ni mwalimu wa Kiarabu katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Nilianzia chuoni, yaani madrasa, kwa mwalimu wa mtaani kama watoto wengi wa pwani, nikaendelea hadi kupata shahada ya kwanza ya lugha ya Kiarabu, na sasa nimeazimia kusoma shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti, na Mwenyezi Mungu akijaalia, uzamivu baada yake. Nahau naimudu, na vitabu vya fiqhi na mashairi ya kale navisoma bila taabu kubwa, lakini katika masomo yangu yote sikufundishwa vya kutosha namna ya kubuni swali la utafiti na kulitetea.

Kinachonitatiza zaidi ni mada. Baadhi ya walimu wangu wa zamani wamenishauri niandike juu ya maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, na wengine wamependekeza balagha, yaani ufasaha wa lugha, katika mojawapo ya sura za Qur'ani. Siyadharau mapendekezo hayo hata kidogo, ila kila ninapotafuta naona yameshaandikiwa mengi, nami nisingependa kutumia miaka ya umri wangu na fedha za familia kurudia yaliyokwisha kusemwa.

Upande wa pili, katika ukoo wa mume wangu yupo mzee anayehifadhi vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, barua, na hati za mirathi na wakfu, vyote kwa Kiarabu. Niliruhusiwa kukifungua kitabu kimoja tu. Ni sharhi, yaani kitabu cha ufafanuzi, ya fiqhi ya Kishafi, na pambizo zake zimejaa maelezo ya wino mwekundu na mweusi, mengine kwa Kiarabu na mengine kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Je, kitabu kama hicho kinaweza kuwa mada ya tasnifu ya Kiarabu, au ni kazi ya watu wa historia? Na je, ni lazima niende nchi za Kiarabu, au inawezekana kusoma hapa hapa Afrika Mashariki, au Ulaya? Mwisho, ningependa kujua kama lugha ya kuandikia tasnifu ina uzito wowote katika ajira baadaye.

Natanguliza shukrani.

Msoma Hati amejibu:

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu. Umeuliza maswali matatu, lakini la kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu jibu lake litakuamulia mengine mawili. Mtu akichagua chuo kwanza, mara nyingi huishia kutafuta mada inayompendeza msimamizi aliyemkuta huko. Akianza na matini aliyonayo mkononi, humtafuta msimamizi anayeifahamu aina hiyo ya matini, na mazungumzo yao huwa ya watu wawili wenye shauku moja.

Kitabu ulichokifungua ni mada, tena ni mada ya Kiarabu hasa. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamejifunza Kiarabu kama lugha ya Makka, Cairo na Baghdad, wakaandika tasnifu juu ya washairi wa Abbasiya, na haikuwapitia akilini kwamba wazee wao wenyewe waliandika kwa lugha hiyo hiyo. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, aliyezaliwa Komoro mwaka 1861 na kufariki Zanzibar mwaka 1925 akiwa kadhi mashuhuri, aliandika kitabu cha Kiarabu kinachofafanua istilahi za Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafi. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliandika kwa Kiarabu safari yake ya Hadhramaut, Yemen, mwishoni mwa karne ya 19. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye wengi tunamjua kwa magazeti yake ya Sahifa na al-Islah ya miaka ya 1930, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wa Mazrui, nayo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1995. Hawa ni wale waliobahatika kuchapishwa. Nyuma yao wapo walimu, makadhi na wanakili ambao majina yao yamebaki mwishoni mwa kitabu kimoja au viwili tu, katika nyumba kama hiyo ya mzee wenu.

Chukua mfano wa historia ya Kilwa, ile inayoitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Matini ya Kiarabu tunayoitumia leo ni nakala iliyonukuliwa Zanzibar mwaka 1877, ambayo sasa iko British Library, na ilichapishwa London mwaka 1895. Kwa bahati, mwandishi wa Kireno João de Barros alikuwa ameshafupisha habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552, na masimulizi hayo mawili hayakubaliani kila mahali katika majina na mfululizo wa masultani. Wanahistoria wameyajadili kwa miaka mingi, lakini mjadala wote unaegemea jambo ambalo ni la mtu wa Kiarabu: mnakili aliandika nini hasa, wapi aliruka, wapi sentensi imevunjika kisarufi, na wapi jina limeharibika kwa sababu nukta imewekwa juu badala ya chini. Ndiyo maana nasema si kazi ya watu wa historia peke yao. Mwanahistoria asiyejua nahau hawezi kuona kwamba sentensi fulani haiwezekani kuwa ilitoka kwa mwandishi mwenyewe.

Sasa niseme kidogo juu ya namna kazi yenyewe inavyofanywa. Uhakiki wa miswada, ule ambao Waarabu wanauita tahqiq, huanza kwa kutafuta nakala nyingine za kitabu hicho hicho. Kitabu chako kikiwa ni sharhi maarufu iliyochapishwa Cairo tangu karne ya 19, basi matini yenyewe haihitaji kuhakikiwa upya, na ungepoteza muda. Hazina itakuwa pambizoni, katika yale maelezo. Nani aliyaandika? Je, ni mkono mmoja au ni mikono ya vizazi kadhaa vya wanafunzi? Ni masuala gani ya fiqhi yaliyowafanya waweke Kiswahili, na yapi waliona yanatosha kwa Kiarabu? Maelezo hayo ni darasa zima lililobaki kwenye karatasi, na kwa mtu wa lugha hakuna ushahidi ulio bora zaidi wa namna Kiarabu kilivyofundishwa na kueleweka katika pwani yetu kabla ya shule za kisasa.

Utakapopata fursa ya kukifungua tena, tazama mambo haya kwa utulivu. Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kushoto, mara nyingi utaona neno moja limeandikwa kwa kuinamishwa, peke yake. Hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na mnakili aliliweka ili mshonaji wa kitabu asichanganye karatasi. Ukikuta halilingani na mwanzo wa ukurasa wa pili, jua kuna karatasi iliyopotea au iliyohamishwa. Kisha inua karatasi moja dhidi ya mwanga wa dirisha uone kama ina alama ya maji. Karatasi zenye miezi mitatu zilitengenezwa Italia kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu, na zitakusaidia kukadiria umri pale ambapo hakuna tarehe. Tarehe ikiwepo, itakuwa mwishoni kabisa, pamoja na jina la mnakili, jina la aliyeandikiwa nakala hiyo, na dua. Igeuze kwa uangalifu kwenda Miladia, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida huangukia miaka miwili: mwaka 1297, kwa mfano, ulianza Desemba 1879 na kwisha Desemba 1880, na si sahihi kuandika 1880 peke yake bila kujua mwezi.

Kwa kulinganisha, unazo nyenzo karibu nawe kuliko unavyodhani. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina miswada ya Kiarabu na kumbukumbu za mahakama. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen, na fahirisi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. SOAS, chuo cha London cha taaluma za Asia na Afrika, wana mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Anza na Zanzibar na Dar es Salaam, maana ni karibu, na usiende Ulaya kutafuta kitu ambacho kipo Kilimani.

Angalizo moja. Tasnifu isiwe ni kunakili matini na kuiwekea tanbihi tu. Vyuo vingi vya Kiarabu vinakubali uhakiki wa mswada kuwa tasnifu kamili, na ni jambo jema, lakini hata huko kazi inayokumbukwa ni ile yenye utafiti mbele ya matini: mwandishi ni nani, alisoma kwa nani, lugha yake ina sifa gani, na kwa nini nakala hii inafaa kuaminiwa kuliko ile. Kwa uzamili chagua sehemu ndogo, mlango mmoja au miwili ya kitabu, uifanye kikamilifu. Kitabu kizima kisubirie uzamivu.

Mwalimu wa Nahau amejibu:

Nakubaliana na Msoma Hati kuhusu thamani ya miswada, lakini sikubali tuondoke hapa tukiamini kwamba isimu na ufundishaji ni mada za waliokosa sanduku la vitabu nyumbani. Binti Tanga ni mwalimu. Kila siku ya kazi anakaa mbele ya ushahidi ambao mtafiti wa Cairo au Leiden hawezi kuupata.

Ni kweli mada ya maneno ya mkopo imekanyagwa sana, na baada ya kazi ya Abdulaziz Lodhi iliyotoka Göteborg mwaka 2000 ni vigumu kwa mwanafunzi wa uzamili kuongeza jambo kwa kuorodhesha maneno tu. Lakini mwelekeo wa upande mwingine, yaani Kiswahili kinavyomwongoza au kumpoteza mwanafunzi anapojifunza Kiarabu, bado una nafasi pana. Nitatoa mfano mmoja ambao kila mwalimu wa pwani ameuona kwenye madaftari. Mwanafunzi anataka kusema "vitabu vipya". Kiswahili chake kimemzoesha kwamba nomino ikiwa wingi, kivumishi nacho kinachukua wingi: vitabu vipya, miti mirefu, magari makubwa. Kwa hiyo anakiweka kivumishi cha Kiarabu katika wingi, anaandika al-kutub al-judud, wakati kanuni aliyofundishwa inataka wingi wa visivyo binadamu uchukue kivumishi cha umoja wa kike, al-kutub al-jadida. Kosa hili halitokani na uvivu. Mwanafunzi anafuata mantiki ya upatanisho wa ngeli, ambayo kwa kweli ni mantiki madhubuti, na mwalimu asiyejua sarufi ya Kiswahili atamwadhibu bila kumsaidia. Vitabu vingi vya kiada tunavyotumia vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima, hivyo haviwezi kugusa jambo kama hili.

Au tazama sauti. Kiswahili sanifu kina th, dh na gh, jambo linalowapa watoto wetu nafuu kubwa kuliko wanafunzi wa mataifa mengi, lakini hakitofautishi herufi za Kiarabu sin na swad, wala ta ya kawaida na ile nzito, na ayn imetoweka. Sasa lipo jambo linalonishangaza na ambalo ningefurahi kuliona limetafitiwa: mwanafunzi aliyefunzwa tajuidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, huitamka herufi ya dhwad vizuri kabisa anaposoma Qur'ani, kisha akiulizwa swali la kawaida kwa Kiarabu darasani anarudi kwenye matamshi ya Kiswahili. Ujuzi upo, ila hauhami kutoka kwenye kisomo kwenda kwenye mazungumzo. Kwa nini? Ni suala la kasi, la mazoea, au mwanafunzi mwenyewe anaona ile ni sauti ya ibada na si ya mazungumzo? Hapo pana swali la utafiti lililo safi, linalopimika kwa kurekodi, na ambalo jibu lake lingebadilisha namna tunavyofundisha madrasa na shuleni.

Kiarabu kinafanyiwa mtihani wa taifa katika sekondari Tanzania na Kenya, na Zanzibar watoto hukutana nacho tangu msingi. Ni wanafunzi wengi mno hao kwa somo ambalo utafiti wake ni mchache. Ukichagua njia hii utahitaji ridhaa ya wazazi kwa sababu watoto wanahusika, barua ya mkuu wa shule, na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ikiwa chuo chako kiko nje. Zanzibar wana utaratibu wao wa vibali, na Kenya utapitia NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Anza mapema, kwa sababu vibali huchukua muda.

Sikuzuii kwenda kwenye miswada, dada yangu. Nasema tu kwamba ile miaka uliyofundisha nayo ni mtaji, na msimamizi mzuri atataka kujua kwamba unao.

Mwanachuo wa Khartoum amejibu:

Nijibu la vyuo, kwa kuwa wenzangu wameligusa juu juu tu.

Kwa kizazi chetu, jibu la kawaida lilikuwa Sudan. Taasisi ya Kimataifa ya Khartoum ya Lugha ya Kiarabu, iliyo chini ya shirika la elimu la nchi za Kiarabu, iliandaa walimu wa Kiarabu kwa wasiokuwa Waarabu tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilipokea vijana wengi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Komoro na Burundi. Vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vimevuruga yote hayo. Walimu wetu wametawanyika, maktaba zimeharibiwa au kuachwa, na wanafunzi wengi walikatishwa katikati ya tasnifu zao. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu Khartoum ilikuwa mahali pekee ambapo Mwafrika aliyekuja kujifunza Kiarabu hakuonekana mgeni. Mwenye mwalimu wake wa Sudan aliyehamia Cairo au Uturuki na amtafute, maana bado wanasimamia na bado wanajua mazingira yetu.

Misri ndiyo njia inayofuata kwa uzoefu. Kitivo cha Dar al-Ulum cha Chuo Kikuu cha Cairo, ambacho asili yake ni mwaka 1872, kina mila ndefu ya nahau, isimu na fasihi, na mjini humo humo kuna Taasisi ya Miswada ya Kiarabu iliyoanzishwa na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mwaka 1946, ambayo mtu wa tahqiq hawezi kuikosa. Al-Azhar kila mmoja anaifahamu. Tarajia kusoma mwaka wa masomo ya maandalizi kabla ya kuanza tasnifu, na hakikisha mapema kwamba shahada yako ya kwanza inatambuliwa huko, usije ukaambiwa urudie masomo kadhaa ukiwa umeshafika.

Doha kuna Taasisi ya Masomo ya Juu iliyofunguliwa mwaka 2015, inayofundisha kwa Kiarabu na yenye programu ya isimu na uandishi wa kamusi za Kiarabu, karibu na mradi mkubwa wa kamusi ya kihistoria ya lugha hiyo. Ushindani ni mkubwa na Kiingereza kinahitajika kwa kusomea, lakini ufadhili wake ni mzuri. Oman nayo ina sababu ya pekee ya kutujali: nyaraka nyingi za utawala wa Zanzibar na za koo zilizorudi Muscat ziko huko, na mamlaka yao ya nyaraka za taifa imekuwa ikikusanya kumbukumbu zinazohusu Afrika Mashariki. Mada yako ikigusa maandiko ya Kiibadhi, yaani ya dhehebu la Waomani wengi, kwa mfano vitabu vilivyochapwa Zanzibar katika mtambo wa Sultan Barghash miaka ya 1880, Muscat haikwepeki.

Kwa hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, pale Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, ndicho ambacho walimu wengi wa Kiarabu wa ukanda huu wamepitia, na gharama zake mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu akijipanga. Na kuna njia ambayo watu huisahau. Kama utaamua kushughulikia yale maelezo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inapokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Utakuwa mtaalamu wa Kiarabu ndani ya idara ya Kiswahili, na si hasara hata kidogo.

Ulaya wanafundisha vizuri namna ya kujenga hoja, na kuna watu makini Hamburg, Bayreuth, Leiden na London wanaoishughulikia pwani yetu. Ila huko utaandika kwa Kiingereza, na utatakiwa ujue angalau kusoma lugha moja zaidi, hasa Kijerumani, kwa kuwa fahirisi nyingi za zamani za miswada ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Kuhusu ajira: tasnifu ya Kiarabu itakufungulia vyuo vya Kiislamu na vya Kiarabu, ya Kiingereza itakufungulia idara za vyuo vya serikali na mikutano ya kimataifa. Ukiandika kwa moja, chapisha makala kwa nyingine. Na kwa shahada yoyote ya nje, anza mchakato wa kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mara tu unapopata cheti, usisubiri nafasi ya kazi itangazwe.

Binti Tanga ameandika:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimesoma majibu yenu mara kadhaa, na nimeona kwamba swali langu na la Mwalimu wa Nahau huenda yana mahali pa kukutania: yale maelezo ya pambizoni ni ya wanafunzi waliojifunza Kiarabu wakiwa wasemaji wa Kiswahili, na yanaonyesha wapi walikwama. Nikilinganisha sehemu walizohitaji Kiswahili na sehemu ambazo wanafunzi wangu wa leo wanakwama, nadhani nitakuwa na jambo la kusema. Nitashukuru mkinisahihisha kama nakosea.

Limebaki jambo moja. Mzee anayehifadhi vitabu ana wasiwasi. Zamani alikuja mtu akaazima kitabu na hakikurudi, na tangu hapo hapendi vitoke ndani. Nifanyeje bila kumvunjia heshima? Na msimamizi nimwandikie nini, ilhali sijapata ruhusa kamili?

Msoma Hati amejibu:

Hujakosea, na wazo hilo ni bora kuliko langu. Lishike.

Kuhusu mzee, ana haki kamili, na usimwombe akupe kitabu. Kwanza tazama ukurasa wa mwanzo, kwa sababu vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa kwamba ni wakfu kwa dhuria, yaani vizazi vya mwenyewe, au kwa wanafunzi wa mahali fulani, kwamba haviuzwi, havirithiwi wala havitolewi zawadi. Ukimsomea maneno hayo mwenyewe kwa sauti, ataona kwamba unakuja kulinda sharti la aliyeweka wakfu, na mazungumzo yenu yatakuwa ya namna nyingine. Mwende pamoja na mume wako na mtu mzima mwingine wa ukoo, msiende na kamera siku ya kwanza. Mweleze kwamba picha zitapigwa hapo hapo nyumbani, mbele yake, kwa mwanga wa dirisha bila taa ya kamera, na kwamba nakala moja kamili ya picha itabaki kwa familia kabla hujaondoka na yako. Kubalianeni kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja yenye saini zenu na mashahidi wawili, juu ya nini kinaweza kuchapishwa na jina la familia litajwe au lisitajwe. Hati za mirathi ziache kabisa kwa sasa, kwa kuwa zinagusa haki za watu walio hai. Na kama kitabu kina wadudu au karatasi zinavunjika, usizigundishe kwa gundi ya dukani wala utepe wa plastiki. Zifunge kwa karatasi safi na uombe ushauri kwa watu wa Nyaraka, Zanzibar.

Msimamizi unaweza kumwandikia hata kabla ya ruhusa kamili, mradi useme wazi kwamba unaisubiri. Usimtumie maelezo marefu ya maisha yako. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja: kitabu ni kipi, kiko mikononi mwa nani kwa ujumla bila kutaja jina, kina tarehe au hakina, swali lako ni lipi, na kwa nini unadhani yeye ndiye anayefaa. Mzee akikuruhusu, ambatisha picha ya ukurasa mmoja tu wenye maelezo ya Kiswahili, pamoja na unukuzi wako wa ukurasa huo: Kiarabu kama kilivyo, Kiswahili kwa hati za Kilatini, na alama ya kuuliza kila mahali ambapo hukuweza kusoma. Hizo alama za kuuliza usizifiche. Kwa msomaji wa miswada zinaonyesha kwamba unaitazama karatasi kwa uaminifu, na msimamizi anayejua kazi ataanza kukujibu kutoka hapo hapo, neno kwa neno.